Posa ya Kifaransa

Rennes, 19 Januari 2025

Shangazi yangu Khamisa,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inanivalisha soksi mbili mbili hata kitandani. Ami Seifu hajambo? Lile goti lake limepoa? Na jirani yako Nafula, bado anafanya kazi pale hospitali? Wape salamu wote, na yule mbuzi wako mweupe mtoro pia.

Kazi ya jikoni inaendelea vizuri. Sasa wameniachia upande wa samaki, na mpishi mkuu amekubali nitie tui la nazi siku za Ijumaa. Wateja wanafuta sahani kwa mkate. Ungekuwapo ungesema nazi haijakolea, najua.

Shangazi, nina jambo. Yule Solène niliyekutajia, mwalimu wa watoto wa chekechea, tumekubaliana kuoana. Yuko radhi nikaha isomwe, na anataka sana kuja Msambweni kuwaona. Ni binti mwenye heshima, na akicheka hucheka kama wewe, mpaka machozi. Tunataka iwe mwezi wa Agosti, inshallah. Mama yake anaitwa Odile, anafuga ng'ombe wa maziwa kijijini, nje kidogo ya mji. Ni mtu wa shughuli nyingi.

Wewe usijisumbue na lolote. Huku watu huposana wenyewe kwa wenyewe, mambo yakaisha.

Ni mimi mwanao,
Tofiki


Msambweni, 2 Februari 2025

Tofiki mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ile habari njema. Huku hatujambo. Ami yako mbele za watu anatembea na mkongojo, akidhani hakuna anayemtazama anakwenda mbio. Anapenda kuhurumiwa, basi tunamhurumia. Nafula amepata mjukuu wa kike huko kwao Bungoma. Mbuzi mtoro kazaa mapacha, na wao watoro.

Barua yako nimeisoma nikapiga kigelegele peke yangu chumbani, mpaka Nafula akaja mbio na fagio akidhani kuna nyoka. Mwenyezi Mungu akujaalie kheri. Nimefurahi, Tofiki, nimefurahi sana. Sasa kaa chini nikugombeze.

Ati watu huposana wenyewe kwa wenyewe! Wewe uliokotwa? Mtoto aliyelelewa nyumba hii akajiposee kama anayenunua ndizi? Marehemu baba yako alinikabidhi wewe ukiwa na kimo cha meza. Mahali pake tupo sisi nduguze, mimi na Seifu. Posa hupelekwa na wazee, husemwa kwa mdomo, na ikishasemwa watu wa binti huomba muda, wakajibu siku nyingine. Ndivyo alivyoposwa marehemu mama yako, ndivyo nilivyoposwa mimi. Yule mama kazaa, kalea, na sasa mtoto wake anachukuliwa. Hata kuombwa asiombwe?

Nimemwambia Seifu aipeleke. Kanijibu, "Mimi na Kifaransa wapi na wapi?" akarudia chai yake. Basi nitaipeleka mimi.

Ile laptop uliyoiacha nimeitoa kabatini nikaifuta vumbi. Ndiyo ninayokuchapia barua hii kwa kidole kimoja. Kumbe bado ina ile programu ya Kifaransa uliyokuwa ukijisomea wakati ule ukiwa mhudumu hotelini Diani, mimi nakusikia nyuma ya pazia ukirudia maneno huku nakaanga mihogo. Sasa nasoma mimi, kila siku baada ya alasiri, ikiwa stima ipo. Mwanamke anayesema humo ndani nimempa jina Bi Sauti. Yeye husema, nami humfuata, kisha hunipa rangi: kijani nikipatia, nyekundu nikikosea. Wiki ya kwanza tulikuwa katika nyekundu tupu.

Lakini Bi Sauti hana adabu. Anasema bonjour, anauliza hujambo mara moja tu, na papo hapo anataka kujua kituo cha treni kiko wapi. Mtu hajaulizwa hata watoto wameamkaje! Mimi nikimwona anakimbilia treni namrudisha nyuma tusalimiane upya.

Haya, nieleze habari za Mama Odile. Zote.

Shangazi yako,
Khamisa


Rennes, 2 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani karim. Nimefungua jana kwa tende alizoninunulia Solène, na uji nilioupika mwenyewe, ukashikana vibaya. Nilikumbuka wako. Ami Seifu mwambie asifunge kama goti linamlazimu kumeza dawa, asitake sifa.

Barua yako nimemsomea Solène, nimemtafsiria neno kwa neno. Kacheka mpaka akakaa sakafuni, halafu kaniomba nimsomee tena ile ya ndizi. Amesema anakupenda kabla hajakuona.

Kuhusu programu, ukimjibu Bi Sauti subiri kwanza kile kialama cha maikrofoni kigeuke buluu. Wewe najua unamkatiza.

Lakini posa, shangazi, hebu tuiache. Mama Odile nadhani hajambo. Jumapili tulikwenda kwake, ila alikuwa bandani na ng'ombe. Ana shughuli nyingi, kama nilivyokwambia. Tafadhali usimpigie simu.

Mwanao,
Tofiki


Msambweni, 6 Aprili 2025

Tofiki,

Marahaba. Idi ilikuwa njema. Seifu alifunga yote, na sifa akazitaka zote. Nilipika biriani, Nafula akaleta soda na zile nyimbo zake za simu, tukala mpaka tukalaumiana. Mahali pako mkekani nilipaacha wazi, kama kila mwaka.

Na hiyo nyekundu imepungua! Siku hizi Bi Sauti ananipa kijani mpaka naona haya. Najua kuuliza mvua, shamba, majirani, mgongo, usingizi. Neno la ng'ombe nalijua, na la ndama. Kuna somo la sokoni na la mgahawani, hayo ndiyo ninayoyatwanga zaidi, maana somo la posa hamna. Nimelitafuta humo laptopini kote. Watu gani hawa wana somo zima la kukodi baiskeli na hawana la kuomba mke? Basi posa nimeiunga mwenyewe, kipande huku, kipande kule. Nafula ananisikiza dirishani, ananiambia, "Mama, hiyo French yako iko sawa kabisa, lakini mbona unagombana na laptop?"

Sasa tuseme kweli. Umeandika barua mbili. Mara mbili huyo mama ana shughuli, mara moja yuko bandani. Hata mara moja hukuniandikia kwamba alikupa maji ukanywa. Mtu aende kwa mkwewe Jumapili asipewe hata maji, na wewe uniambie ni ng'ombe? Mimi nimekulea, Tofiki. Ukiwa mdogo, ukivunja kitu, ulikuwa unaniletea habari za hali ya hewa.

Nambie ukweli. Na mimi nikwambie wangu: huu mwaka wa sita hujarudi. Naogopa utaoa huko kimya kimya, mama mkwe kakasirika, shangazi hajulikani, na wewe hatimaye ubaki katikati huna kwenu hata kumoja. Hilo ndilo linalonikalisha mbele ya Bi Sauti na macho yangu haya.

Khamisa


Rennes, 27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hapa tuko salama. Ami nimemtumia mafuta ya kuchua goti, yatamfikia kwa mkono wa Abdulbasit anayerudi Ukunda.

Haya, ukweli. Mama Odile hanitaki. Hajanitukana hata siku moja, heri angenitukana. Tukiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma anakwenda kwa ng'ombe, mpaka tuondoke. Alimwambia Solène maneno machache tu: kwamba hana mtoto mwingine, na hao wanaotoka mbali siku moja huondoka na wanachokipenda. Solène analia njia nzima tukirudi. Amesema bila mama yake kuwapo hatatia saini popote, nami simlaumu.

Niliona haya kukwambia. Ulikuwa umefurahi sana.

Basi muachilie, shangazi. Maneno ya programu hayawezi kumgeuza mtu kama yule.

Tofiki


Msambweni, 18 Mei 2025

Tofiki mwanangu,

Marahaba, baba. Mafuta yamefika, Seifu anayapaka hadi kwenye lile goti lisilouma. Mvua za masika zinatunyeshea vizuri, mihogo imesimama. Wote wanakusalimu.

Nimeharibu.

Namba usiniulize nimeipata wapi. Yule mchumba wako Solène ana moyo, na mimi na yeye tunaandikiana ujumbe tangu Ramadhani. Mama yake ana simu ya mezani tu, kwa hivyo nikatia salio la kutosha, nilidhani. Nikaoga, nikavaa leso mpya, nikamkalisha Seifu kando yangu awe shahidi. Jumapili, baada ya saa yake ya kukamua, nikapiga.

Akapokea. Nikasema bonjour, mimi ni Khamisa, shangazi wa Tofiki. Nikasema moyoni, hapa Bi Sauti angekimbilia treni, mimi nitakwenda kwa adabu yetu. Nikaanza. Umeamkaje? Umelala vizuri? Mgongo wako? Nyumba haijambo? Majirani? Ng'ombe? Ndama? Wanakula? Mvua huko iko? Mwanzo alinijibu kwa mkato, kisha akaniuliza, "Madame, unataka nini?" Mimi kwa haraka Kifaransa chote kikanitoka, nikamwambia kwa Kiswahili, "Bado! Salamu bado!" na nikaendelea. Tulipofika kwa ng'ombe akaanza kulegea. Ana mmoja mgonjwa wa mguu, ndilo nililofahamu. Nikampa pole, nikamwuliza ni mguu upi.

Halafu nikamwuliza kama desturi, "Na mume wako hajambo?"

Tofiki! Hukunambia! Barua zote hizo, hukunambia kwamba yule mwanamke ni mjane! Akasema kafa, tena taratibu. Neno la kufa Bi Sauti hakunifunza, lakini sauti ya mtu akilisema inajulikana. Mimi sikuwa na Kifaransa hata kidogo cha kumpa. Nikasema, "Pole, dada. Pole sana, pole." Halafu nikaokota maneno mawili niliyokuwa nayo, nikamwambia, "Mimi pia. Mume wangu. Mimi pia." Nikawa nalia mimi, na yeye huko nikamsikia analia. Seifu naye na mkongojo wake akatoka nje akajifanya anaangalia mbuzi.

Nilipojifuta nikasema sasa, Khamisa, toa posa. Nikavuta pumzi. Salio likaisha.

Posa haikutajwa hata herufi moja! Nimemliza mama wa watu, nimemkatia simu, na sikumwomba nilichokusudia kuomba. Nisamehe, mwanangu. Laptop nimeirudisha kabatini.

Shangazi yako


Rennes, 1 Juni 2025

Shangazi yangu, shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Itoe laptop kabatini.

Tulikwenda kijijini Jumapili. Niliegesha gari nikingojea kusikia mlango wa nyuma. Ukafunguka wa mbele. Mama Odile amesimama pale na aproni, hanitazami usoni, akasema kahawa iko tayari. Nikaingia, nikakaa, nikanywa. Ilikuwa chungu shubiri nami nikaomba ya pili.

Kisha akaniuliza, "Shangazi yako alitaka kuniambia nini?" Solène akanikanyaga mguu chini ya meza. Jibu lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikamwambia, "Hilo si langu kulisema. Atalisema mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa, naona alipendezwa.

Halafu akasema jambo ambalo Solène mwenyewe hakuwa akilijua. Kwamba tangu mumewe afariki watu humwuliza habari za bei ya maziwa, na habari za kuuza shamba. Hakuna aliyemwuliza umelala vizuri akangoja jibu. Na kuhusu mumewe, hata binti yake huogopa kumtaja, mimi pia niliogopa, ndiyo maana sikukuandikia. Wewe ulimtaja kana kwamba yuko chumba cha pili. Alisema akiwa anaosha vikombe, ametupa mgongo.

Sasa sikia hii. Amemfanya Solène amtilie programu ya Kiswahili kwenye simu. Anasoma bandani, ng'ombe wamesimama wanamtazama. Akipata kijani humwonyesha yule mgonjwa wa mguu. Na likizo ya shule ikianza, mwezi wa Julai, yeye na Solène wanakuja Msambweni! Jirani yao atakamua. Mimi likizo yangu inaanza wiki moja baada yao, kwa hivyo utawapokea bila mimi.

Sijui atasema nini ukimwomba. Solène anasema mama yake hajatamka ndiyo, wala hapana. Silali vizuri, shangazi. Nimekwambia kwa kuwa na wewe utauliza.

Mwanao anayetetemeka,
Tofiki


Msambweni, 17 Julai 2025

Tofiki mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima sote, na leo "sote" ni wengi. Seifu kautupa mkongojo kwa sababu kuna wageni wa kuwatembeza. Nafula kawaletea ndizi za kupika. Mbuzi hawatoroki tena, maana kuna mtu anayewajua.

Walifika Jumatatu. Nilikuwa jikoni nikasikia mlangoni, "Hodi!" sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita wanyama malishoni. Mimi nikaitikia kwa Kifaransa waingie. Solène nikamkumbatia mpaka miwani yake ikapinda. Kisha mimi na Odile tukashikana mikono hapo sebuleni, yeye na Kiswahili chake cha bandani, mimi na Kifaransa changu cha kabatini, tukasalimiana. Umeamkaje, safari, mgongo, goti la Seifu, mguu wa ng'ombe, mjukuu wa Nafula. Kahawa ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.

Baada ya chakula nikajifunga leso vizuri, nikaitoa posa. Niliisema yote kwa Kifaransa, sikutazama pembeni. Nilisema sisi tuna kijana, nyinyi mna binti. Kijana wetu ni msafi, anapika, haachi kuswali. Mwisho nikasema lile nililolitoa kwenye somo la mgahawani: tunaomba, tafadhali, binti yenu mmoja. Solène akaangukia mto kwa kicheko. Odile midomo ilimcheza, lakini akajizuia, akakaa wima, akanijibu kwa Kiswahili, pole pole, "Nimesikia. Naomba muda."

Lo! Nikageuka nikamtazama Solène. Kumbe ile barua yangu ya Februari ilisomwa mpaka na mama mtu, na desturi zetu wakazishika! Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Jumanne yote hakujibu. Jumatano hakujibu. Anakula wali wangu, anakamua mbuzi wangu, anamcheka Seifu, na jibu hatoi. Mimi usingizi sikupata, na ninajua kuulizia posa ni aibu.

Leo asubuhi nikaenda naye kununua samaki. Chome, yule muuzaji mwenye maneno mengi, akapaza sauti mbele ya watu wote, "Bi Khamisa, na huyu mgeni wako ni nani?" Mimi nikafungua mdomo, natafuta la kusema, maana kweli nilikuwa sijui. Odile akanitangulia. Akasema kwa ile sauti yake ya malishoni, soko zima likasikia:

"Mimi mkwe wake."

Tofiki, wanawake walipiga vigelegele mpaka Chome akaangusha samaki changu mchangani. Mimi nilisimama pale na kikapu, machozi yananitiririka, hata sikumbuki kama samaki nilimchukua. Kwa hivyo jibu la posa yako kalipata Chome kabla yangu, mimi niliyepigwa rangi nyekundu na Bi Sauti tangu Januari hadi leo!

Njiani nikamwuliza, hasira na kicheko pamoja, mbona hukunijibu mimi tangu siku ile? Akanishika mkono, akafikiri, akatafuta neno, akalipata.

"Salamu bado," akasema.

Njoo nyumbani, mwanangu. Kanzu yako nimeshaipiga pasi, na mahali pako mkekani nimemwonyesha mkweo. Kasema asikae mtu hapo mpaka uje.

Shangazi yako,
Khamisa